Uwanja Usiofagiliwa

Juni. Mlima Loleza umejitanda ukungu hadi shingoni.
Naingia maabara na koti juu ya koti,
nafungua kabati la joto:
nyuzi thelathini na saba,
mahali pekee Mbeya hii penye kifua cha mama.
Humo wamelala usiku kucha bakteria ninaowalea.

Kuku alitoka supamaketi, friji ya kioo,
nailoni imembana kama shuka la hospitali,
kibandiko kifuani: tarehe, uzito, bei.
Jana nilipanga juu ya kila sahani
vidoti vya karatasi, kila kidoti na dawa yake.
Dawa yenye nguvu hujizungushia duara tupu,
uwanja uliofagiliwa
mbele ya nyumba ya mtu mwenye adabu.

Nainua sahani ya kwanza kwenye mwanga.
Hakuna uwanja. Majani yameota mpaka mlangoni.
Ya pili, mpaka mlangoni.
Ya tano ni dawa tunayomchoma mtoto mchanga
anapochemka usiku:
wamempanda mgongoni mwenye nyumba.
Rula haina cha kupima.
Naandika sugu. Naandika sugu.

Nageuza kibandiko. Chini, kwa herufi za sisimizi:
*Mfugaji: Tusekile Mwambungu, Uyole.*

Dada.

Banda la mabati, maranda ya mbao,
balbu nne za kuwadanganya vifaranga kuwa kumekucha.
Nilikoroga mwenyewe, kidato cha tatu,
unga wa njano, kijiko kwa ndoo.
"Wanaumwa?" niliuliza.
"Wasije wakaumwa," alinijibu.
Pakiti ilisema: subiri siku saba ndipo uchinje.
Mnunuzi alisema Alhamisi.
Na shule ilisema ada, Ijumaa, bila ada usije.

Kwa hiyo usiniambie habari za wafugaji wajinga.
Koti hili jeupe lina manyoya.
Kila neno la kitaalamu ninalolitamka
lilikunywa maji yale ya njano.

Jumapili nitapanda Uyole.
Lusajo wake ana jipu shingoni, wiki ya tatu,
amemaliza kapsuli, ameongezewa, limekaa pale pale.
Dada atachinja, maana mgeni hali mboga kavu,
atanitengea firigisi, heshima ya msomi,
nami nitaizungusha sahanini
nikitafuta neno la kwanza,
na yeye, mikono ikinuka kitunguu,
atauliza kama chumvi imezidi.