Mtoto wa Jicho

Daktari alisema: mtembeze, lakini polepole,
asiiname, asipige chafya kwa nguvu,
asibebe hata mkungu wa ndizi.
Nikamwambia mama yangu hajabeba mkungu
tangu tuhamie Mbagala.
Mama akadakia: nimebeba vingine.

Basi tukavuka barabara, saa nne asubuhi,
tukaingia bustanini kwa lango la pembeni
lililofungwa kwa waya, halijafungwa kweli.
Jana wamemtoa mtoto wa jicho.
Mtoto wa tumbo ndiye aliyemshika kiwiko.

Anatembea kama anayepokea chenji,
kila kitu anakihesabu kabla ya kukitia mfukoni:
ukoka huu. Mpira wa maji uliotoboka ule.
Mkrismasi uliowahi kuchanua,
mwekundu mpaka unapiga kelele.
"Rangi hii ilikuwapo siku zote?"
Ilikuwapo, mama.
"Na nyie mkanyamaza."

Bwawa lenyewe si kubwa, kokoto linavuka.
Yeye analiita ziwa, nami simbishii;
aliyekaa miaka minane ndani ya ukungu
ana haki ya kukuza maji.
Mayungiyungi yako wazi,
chupa tupu imenasa kwenye matete,
bata wawili wanagombea kipande cha chapati,
na kunguru, mkaguzi wa jiji,
anapita katikati yao, mikono nyuma.

Ng'ambo, bwana harusi anapigwa picha.
Suti imemzidi mabegani.
Cheka kidogo, anaambiwa. Siyo hivyo.
Mama anasimama, anamtazama bila haya.
"Kiatu cha kushoto kina kamba ya rangi nyingine."
Mimi sikuwa nimeiona.

Tukanunua karanga za mia tano,
zimefungwa kwa karatasi ya mtihani.
Akala mbili, akaikunjua karatasi, akasoma
kwa sauti, kidole kikifuata mstari:
"Swali la saba. Tangi lina lita mia tatu..."
Akasoma mpaka kwenye alama nyekundu ya kosa.
"Maskini, kajumlisha. Angegawanya."
Karanga zilimwagika. Kunguru akafaidi.

Kisha akanigeukia.
Nilijua itakuja, nikavuta mtandio,
lakini jicho jipya lina mbio.
"Mvi hizi, tangu lini?"
Tangu Hamdani alipobeba begi lake,
tangu usiku wa kukuhesabia vidonge,
tangu
nikasema: juzijuzi tu.

Akanitazama, sijui kwa muda gani,
maji yakigusa ukingo wa saruji na kurudi.
Akaufungua mtandio wangu, akaufunga upya,
fundo la kule kwetu, la kuendea shambani,
ambalo sikujua kama bado analikumbuka.

"Tuzunguke tena," akasema,
"upande ule sijauona."
Upande ule kuna banda la majembe tu
na toroli lisilo na gurudumu.
Tukaenda.