Nyani wa Baba

Wamempa nyani anayesema.
Wamempa miguu miwili mizima
na treni inayocheka ikiingia Tabora.

Mjukuu wangu Mihayo anapiga makofi.
Mimi, njugu mawe mapajani,
ukumbi wa Isevya umejaa watoto,
nahesabu:
mguu wa kushoto ulibaki relini Malongwe;
nyani hakuwepo, palikuwa na kunguni;
mama hakuimba,
alisimama dirishani kwa karani miezi minne
akidai mshahara wa kiwete.

Kisha yule baba wa kuchorwa anainua taa ya kijani,
anakohoa kidogo
kabla ya kusema, "Pita."

Vilevile.
Nani aliwaambia?

Taa zinawashwa. Mihayo ananivuta kitenge:
"Bibi, yule nyani alikufa lini?"

"Siku ileile na baba," namjibu.