Mshahara wa Moto

Januari, Kuopio. Nje baridi ya ishirini na mbili chini ya sifuri.
Tuulikki amefungua dirisha la jikoni, upana wa kiganja,
akapitisha bomba la bati linalojikunja kama utumbo wa kuku
na kuziba pembeni kwa soksi za sufi za marehemu baba yake.

Mezani, palipokuwa na kinu cha kahawa,
sasa pana mashine ya leza, kifuniko chake kioo cha kijani.
Miaka thelathini na minne alikuwa muuguzi wa shule:
chawa, chanjo, magoti yaliyochubuka.
"Nimechoka kuponya," alimwambia dada yake kwenye simu.
"Nataka kuchoma kidogo."

Anatandaza plaiwudi ya milimita tatu,
anaibandika mkanda wa karatasi ili moshi usiitie madoa,
anashusha lenzi.
Nukta nyekundu inazunguka mpaka wa mchoro bila kuchoma,
kama mwizi apimaye nyumba mchana.

Kisha inawaka.
Sauti yake si ya msumeno;
ni ya mtu anayevuta hewa kwenye meno baada ya kula pilipili.
Nyota moja, ndogo kuliko punje ya ulezi,
inakwenda, inakata kona, inarudi.
Tuulikki habanduki. Kizima-moto ki karibu na goti lake:
muuguzi ni muuguzi.

Sanduku la kwanza lilikuwa la vifungo vya mama.
Kwenye kompyuta, meno ya mbao yalishikana barabara;
mkononi yakachezacheza kama meno ya darasa la kwanza.
Aliliinua, likabaki chini, vipande sita.
Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.
Alichukua kioo cha kukuzia, akauchungulia mkato:
sehemu mbili za kumi za milimita, hazipo.
Hazikudondoka. Hapakuwa na unga wa kufagia.
Moto ulikuwa umejilipa mshahara.

Basi kila jino akaliongeza unene wa unywele,
akalipa kabla ya kudaiwa.
Sanduku la pili liliingia kwa kupigwa kofi.
Tak. Bila gundi.

Osmo Hakkarainen wa ghorofa ya juu
aligonga mlango akiwa na ndoo ya maji na ndara.
"Kuna kinachoungua."
"Kipo," alisema Tuulikki. "Karibu."
Alisimama mbele ya kile kioo nusu saa nzima, kimya,
na kwa Osmo kimya cha namna ile ni hotuba.
Halafu akaomba kibao cha mlango.
"Jina langu tu. Irja yuko Joensuu sasa, kwa fundi saa.
Herufi zitoboke kabisa."

"Zikitoboka, matumbo yatadondoka."

"Yadondoke."

Dakika nne. Alipokiinua kibao, yakabaki chini
matumbo mawili ya O, matatu ya A, moja la R,
kingo zake za hudhurungi kama mkate uliopitiwa na moto.
Osmo hakukitazama kibao. Aliyaokota yale makombo
moja moja, kwa kucha.
"Haya huenda wapi?"
"Jikoni. Huwashia moto."
Akayatia mfuko wa shati, akaufunga kifungo.

Kibao kimepigiliwa misumari pale lilipokaa lile la shaba,
la majina mawili, miaka arobaini.
Ukipanda ngazi, kupitia mashimo ya jina lake
unaiona rangi ya mlango ilivyokuwa zamani,
buluu ambayo jua halikuigusa.

Saa tisa alasiri, giza tayari. Nywele za Tuulikki
zinanuka mbao iliyoungua, naye hana haraka ya kuziosha.
Amechora kingine: O zake zina vidaraja,
viwili juu, viwili chini, vyembamba,
vya kuzuia tumbo lisiondoke.
Kimekatwa. Kiko kwenye droo, chini ya vijiko.
Hajakipeleka. Hajaombwa.