Safu ya Tisa

Saa mbili usiku kasoro dakika kumi, Dalanzadgad.
Nimevua sweta, maana sufu hutoa cheche
na haidrojeni haina utani.
Puto lavimba polepole, lanisukuma begani
kama ndama wa ngamia anayedai maziwa.
Kisha kamba. Kisha kisanduku,
chepesi kuliko kikombe changu cha chai.
Nafungua mlango. Naachia.

Dakika hii hii wenzangu wanaachia:
nyuma ya uwanja wa ndege wa Lima,
kwenye sitaha ya meli inayoyumba,
kisiwani ambako pengwini ni wengi kuliko watu.
Hatujuani sura. Twajuana kwa saa.

Mita elfu tano: hasi thelathini na moja.
Elfu kumi: upepo wa magharibi, mkali.
Elfu thelathini, puto limekuwa pana kama hema la ukoo,
halafu pu!
Tarakimu zimeshakimbilia kwenye mashine kubwa
ili mtu wa Lisboni ajue kama kesho aanike shuka.

Kesho hupita. Tarakimu hazitupwi.
Huenda kulala ghalani, kwenye milima ya Karolina,
ambako Verlene Stamey huchambua anga za kale
kama mchele kwenye ungo.
Ndiye aliyeniandikia:
*Kituo chenu, Februari kumi na tisa, sabini na nane,
saa sita mchana kwa saa ya dunia:
tisa, tisa, tisa, tisa.
Je, karatasi ipo?*

Tisa zikijipanga hivyo, maana yake hakuna.
Sifuri isingefaa.
Sifuri nayo ni joto.

Kabati lanuka mafuta ya kondoo.
Daftari la mama yangu, Tsendayush,
penseli imekandamizwa hadi ukurasa wa pili:
*Puto halikurushwa.
Upepo wa kaskazini, nguvu, kwa kukadiria, dirishani.
Mtoto wa kike. Gramu 3,200.*

Gramu! Kama anayepima gesi.
Na mwandiko haukutetemeka,
ila kwenye ile mbili.

Miaka yote hii, kumbe,
katika kumbukumbu ya hewa ya dunia
mimi ndimi pengo.

Nikapiga picha, nikaituma.
Jibu likaja baada ya siku nne:
*Nimeongeza upepo wa chini. Mengine yabaki tisa.
Ule mstari wa mwisho hatuna safu yake,
lakini nimeusoma.*

Leo asubuhi Damdinsuren amekuja na pikipiki,
mkononi kisanduku cha juzi, amekiokota malishoni,
kamba imetafunwa na ngamia.
Auliza kama bado kina thamani,
au amtundikie mjukuu kitandani.
Mtundikie, nikamwambia.
Thamani yake ilishafika.