Kama Sikosei

Miaka miwili nilianza kila sentensi kwa kubisha hodi.
"Samahani, kama sikosei, huenda ikawa..."
na nikifika hapo msikilizaji ameshaondoka
na kalamu yangu.

Kazi yangu ni mizani, lango la pili,
kiwanda cha sukari nje kidogo ya Bungoma.
Trekta hupanda na miwa, nasoma.
Hurudi tupu, nasoma tena, natoa.
Kutoa hata mtoto wa darasa la tatu hutoa.
Kazi ni kuitamka hiyo tofauti
mbele ya Bwana Wamocha, msimamizi,
ambaye sikio lake lina bei.

Jumanne ya mvua akaja Mama Nabwile wa Kabula,
viatu vya mpira, risiti za mbolea
zimefungwa kwa kitambaa kiunoni.
Namba ikasimama: elfu saba, mia moja na arobaini.
"Andika sita na mia saba," Wamocha akasema. "Matope hayo."
Nikatazama. Matope yalikuwa kwenye magurudumu,
na magurudumu tumeshayapima yakirudi.

Nikafungua mdomo. Hodi ilikuwa tayari ulimini,
samahani, kama si...
nikaimeza. Ilishuka kama kidonge bila maji.
"Ni elfu saba, mia moja na arobaini."
Sikupaza sauti, sikugonga meza.
Chini ya meza magoti yalikuwa yakitwanga mtama wao.
Lakini namba ilitoka nzima,
bila kuomba radhi kwa kuzaliwa.

Feni ikazunguka. Karani mwenzangu akaikumbuka kazi yake ghafla.
"Leo Nasipwondi amekunywa nini?"
"Chai," nikasema. "Ya rangi."
Akaenda zake.
Mama Nabwile hakunishukuru;
hakujua kulikuwa na la kushukuru.
Alikunja karatasi mara nne, akaitia kitambaani.

Msinipigie makofi bado.
Alhamisi nilitamka namba nyingine kwa sauti ile mpya,
kama mtu mwenye viatu vipya anayetafuta njia ndefu.
Na nikakosea. Mshale haukuwa umerudi sifuri.
Dereva, kijana Masibo, akanionyesha kwa kidole
foleni yote ikitazama.
Uso ukawaka. Nikaliona gamba langu la zamani,
mlango wazi, kitanda kimetandikwa.
"Nimekosea," nikasema. "Pima upya."
Trekta likarudi nyuma, likapanda tena.
Nikatazama chini: kiti kilikuwa palepale
na mimi juu yake.

Nyumbani mizani haina mshale.
Kaka yangu Wasilwa huendesha ukoo kwa simu:
nani achange, kiasi gani,
nani alale hospitali na mama.
Jibu langu lilikuwa "sawa"
hata kabla swali halijavuka mto Nzoia.
Jumapili akataja elfu kumi na tano, harusi ya binamu.
"Nina elfu nne," nikamwambia.
"Na zamu ya hospitali wiki hii ni yako."
Nikasikia kuku wake, redio yake, kisha pumzi ndefu.
"Sawa," akasema.
Neno hilo nimelibeba tangu utotoni;
sikujua lina uzito mtamu hivyo
likitoka kwa mtu mwingine.

Bado sijamaliza.
Nina jino moja lililompandia jirani yake,
na kila nikicheka mkono huinuka wenyewe kulifunika.
Hakuna aliyeutuma.
Jana jioni Khaemba alisimulia habari ya baiskeli
iliyorudi kwa fundi bila mwenyewe,
kicheko kikanijia, mkono ukaanza safari.
Nikaushusha.
Ukakaa mezani kando ya kikombe,
kama mgeni aliyebisha hodi maisha yake yote,
leo ameambiwa karibu,
na hajui aketi wapi.