Afande wa Saa Mbili na Nusu

Baba yangu, Wandera Ogutu, alikamata watu
kila Jumatano, saa mbili na nusu usiku,
miaka kumi na saba.
Sare ilikuwa ya kukodi, mtaa wa Luwum.
Kofia ilimbana. Buti la kushoto lilipasuka kisigino,
ndiyo maana kamera haikushuka chini ya magoti.

Walimchagua kwa sababu ya Kiswahili.
Wenzake kwenye usaili walikuja na Kiingereza cha shule
na Kiganda chenye adabu zake zote;
yeye alizaliwa nyumba za reli, Tororo,
babu akipeperusha bendera ya kijani, kisha nyekundu,
na majirani wakigombana, wakiposa, wakizika
kwa lugha hii hii.
Mwongozaji akamwambia, sema kitu.
Akasema, "Hamjambo? Mmeshindaje hapa?"
Hapana. Kwa ukali.
Nchi hii ilikijua Kiswahili kwa mtutu.

Basi: Lala chini. Toa kipande. Funga domo.
Niliwahi kuhesabu. Miaka kumi na saba,
sentensi hazikufika ishirini.

Soko la Nakawa, muuza nyanya alimrudishia noti
mkono ukimtetemeka. "Chukua tu, afande."
Baba akacheka. Kisha hakucheka.
Nyanya zile alizileta nyumbani, akaziweka mezani,
zikaoza pale, hakuna aliyethubutu kuzikata.

Kwetu Kireka, umeme ukikatika,
alinipigia pasi ya mkaa sketi ya shule
akinitegea kitendawili katikati ya mikunjo:
"Yuko askari hana bunduki, humkamata hata mfalme."
Nilijua jibu. Nilijifanya sijui
ili aniambie nimpe mji.
Alikwenda Busia, akala samaki, akarudi mikono mitupu,
akaninong'oneza: "Usingizi, Nabwire. Kalale."

Msimu wa mwisho walimuua kwenye matete ya Lubigi,
risasi tatu, damu ya sharubati.
Baa ya jirani walishangilia hadi kiti kikavunjika.
Baba alikuwa mle ndani, pembeni, na soda yake.
Akapiga makofi pamoja nao.
Malipo ya kipindi hicho hayajaja mpaka leo.

Baadaye, nani angempa posa aipeleke,
mjukuu ambebe, barua ya mapenzi aisome?
Akijitokeza tu, watazamaji wanainua mikono juu.
Alipata kazi moja: tangazo la magodoro.
Hakuwa na neno hata moja.
Alilala chini.

Mulago, wodi ya juu, mwezi wa nne.
Nesi kijana, msichana wa Masaka,
Kiswahili chote alichonacho alikipata kwenye runinga yao,
yaani kwake.
Baba alitaka kuinuka, atafute viatu vyake.
Yule binti akamshika bega, polepole, kama yai,
akasema, "Afande. Lala chini."
Kwa upole wote aliokuwa nao.
Hakuwa na maneno mengine ya kuubebea.

Baba akamtazama muda mrefu.
"Hapana, mwanangu. Sema: pumzika, mzee."
"Pumuzika, muzee."
"Tena."
Akarudia mara ya tatu, ya nne,
baba akirekebisha herufi, macho yamefumba,
mpaka ikakaa sawa.