Mkato

Heriberto, nilikufungulia mlango mmoja tu.
Niliuandika Aprili, hapa Valdivia, dirisha likitoka jasho,
kwa lugha iliyopewa jina la chatu:
juu kialama kilichojikunja kama konokono,
kisha njia yenyewe, /mto/kina,
na sharti kwamba anayekuja aje na kitu mkononi,
asije kuchungulia.

Ukipiga hodi kwingine, mia nne na nne: hakuna kitu hapa.
Ukipiga hodi hapa nakupokea furushi lako la JSON,
mabano mawili yenye viuno, na katikati yake
jina la daraja, saa, kina cha maji.
Basi. Nikafunga kompyuta nikaenda kulala.

Sikujua kipimo cha chuma kingesombwa na gogo,
nawe ungesimama darajani usiku wa Juni,
tochi mdomoni, ukisoma mistari iliyopakwa nguzoni,
ukiandika kwa kidole kilichokufa ganzi
3,8
kama ulivyofundishwa shule, kama tuandikavyo sote
tangu Arica hadi Punta Arenas: mkato, si nukta.

Mashine yangu haikusoma shule hiyo.
Iliuona mkato ikasema hili ni neno, si namba,
ikakurudishia mia nne. Ombi baya.
Ukatuma 3,9. Mia nne.
4,2. Mia nne.
Mara sita. Nimezihesabu kwenye daftari la seva,
kila moja na sekunde yake,
na ya mwisho, mahali pa namba, uliweka
"mto unapanda nisikieni".
Hiyo nayo ilikataliwa, kwa adabu ileile.

Watu walihama, ndiyo. Si kwa kazi yangu.
Mkeo Edulia alimpigia simu binamu yake, mwoka mikate,
naye akapita mtaa mzima akigonga sinia.
Sinia halikumuuliza mtu ameandikaje.

Leo nimeongeza mstari mmoja:
ukiona mkato, weka nukta.
Herufi zake hazizidi jina lako na la baba yako.
Na njia ya pili nimeichonga, /mto/sauti,
isiyodai namba wala umbo. Leta chochote, hata kelele;
itaihifadhi ilivyo, kisha imwamshe mtu.
Mtu huyo ni mimi. Simu iko chini ya mto wa kulalia.

Nimejaribu usiku huu. Nilituma 4,2.
Mia mbili, ikajibu. Sawa.
Nje mvua haijakatika.